Mboga za Boma Lililohamwa

Jumatano ya pili ya Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, Ng'oto Naserian alifariki katika hospitali moja ya Kajiado mjini, baada ya kulazwa siku tisa. Simu ilinikuta mlangoni nikichambua kunde. Aliyenipigia ni Naserian mwenyewe, yule mtoto ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake, maana kwa Wamaasai ng'oto ni mama wa fulani, na mwanamke akishazaa jina lake la usichana linasahaulika. Naserian siku hizi ni mwalimu. Aliniambia, "Anti Peris, Yeyo ametuacha," nami nikamwambia asante kwa kunijulisha. Kisha nikamaliza kuchambua kunde kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata, ng'ambo ya Isinya, mahali walipohamia baada ya kuuza sehemu kubwa ya ardhi yao ya Kitengela. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki na pilau nyingi. Pasta aliuliza kama kuna rafiki wa marehemu anayetaka kusema neno. Naserian aligeuka akanitazama, na wanawake wawili watatu waliotujua wakageuka pia. Nilibaki nimeketi, nikakunja karatasi ya ibada mara mbili, halafu mara nne. Urafiki wetu ulikuwa wa karibu miaka thelathini, lakini ndani yake kuna mwaka mmoja ambao siwezi kuusimulia kwa kipaza sauti. Mtu angeuliza ilikuwaje mkapendana hivyo, ningelazimika kudanganya, na huyo mama nimeshadanganya mbele yake mara moja. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hiyo nitauandika mwaka huo vile ninavyozungumza.

Nilifika Kitengela nikiwa na miaka ishirini na miwili, miezi mitano baada ya kuolewa na Zablon. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja huko Athi River, akiondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi jioni na vumbi jeupe kwenye kope. Tulikodi chumba kimoja kati ya viwili ambavyo mzee mmoja Mmaasai alikuwa amevijenga mwisho wa ardhi yake. Mabati juu, mabati pande zote, sakafu ya udongo niliyoisiriba mwenyewe. Kitanda kilikuwa nyuma ya leso iliyotundikwa kwa kamba, upande wa pili kulikuwa na jiko la makaa, sufuria mbili, mtungi wa maji na kiti ambacho Zablon pekee ndiye aliyekikalia. Saa sita mchana mabati yalikuwa yakipasukapasuka kwa joto kama mtu anayevunja vidole. Nyuma ya chumba kulikuwa na kipande cha ardhi, halafu ua wa miiba, halafu uwanda mtupu hadi macho yachoke. Leo ukisimama pale unaona ghorofa za kupangisha na nguo zimeanikwa kila roshani. Wakati ule asubuhi uliona swala.

Chumba cha pili kilikuwa cha dereva wa lori, mtu wa Busia, mcheshi. Ukuta kati yetu ulikuwa bati moja tu, na kwa bati hilo ndiko nilikosikia habari zangu mwenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa nimejilaza, Zablon alikuwa upande wa pili akinywa chai na jirani. Nilimsikia akisema kwamba mke wa kukaa mjini akila tu ni mzigo, kwamba amenipa hadi Krismasi, na shamba likikataa nitaenda kukaa nyumbani na mama yake. Jirani alicheka akamuuliza, "Wewe, umeoa juzi na tayari unataka kulala peke yako?" Zablon hakucheka. Alisema kila mtu anafanya hivyo, na kweli kila mtu alikuwa akifanya hivyo. Wasichana wengi niliokua nao Kakamega walikuwa wameolewa na wanaume waliowaona Desemba wiki mbili, kisha barua. Sikutaka kuwa mke wa Krismasi. Nilimpenda Zablon, na hilo pia ni kweli ninalopaswa kuliandika. Alipokuja kuniambia mwenyewe siku chache baadaye, kwa upole, akinishika bega, nilijifanya nasikia mara ya kwanza. Nikamwambia shamba halitakataa.

Nilikuwa nimetoka nyumbani na mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa: saga, managu, kunde na mrenda. Sukuma nilinunua miche. Kwetu hakuna mtu anayefundishwa kulima mboga, unatupa mbegu na kesho kutwa unachuma. Basi nikalima udongo ule mweusi wa Kitengela kama ninavyolima kwetu, mistari iliyonyooka, nikapanda mvua ya kwanza iliponyesha. Mvua ikanyesha siku nane. Udongo ukawa kama unga wa ugali usioiva, ukashika jembe, ukashika miguu hadi nikawa natembea na viatu viwili juu ya viatu vyangu. Siku ya tisa mvua ikakatika, na haikurudi. Ndani ya wiki mbili ardhi ilikuwa imepasuka nyufa ambazo mkono ulizama hadi kiwiko, na mizizi ya miche yangu ilikuwa ikining'inia ndani ya nyufa hizo.

Nikaanza kunyunyizia. Maji yetu yalitoka kisimani kwa mzee, kisima cha kuchimbwa na mashine, na yalikuwa na chumvi. Chai yake ilikuwa na ladha ya machozi, sabuni haikutoa povu. Nilijua hayo yote mdomoni na mikononi, lakini sikufikiria kwamba mboga nazo zina mdomo. Nilimwaga asubuhi, nikamwaga jioni, na kadiri majani yalivyokauka kando kando ndivyo nilivyozidisha maji. Juu ya udongo ukatokea unga mweupe. Nilidhani ni mbolea inapanda juu.

Asubuhi moja nikakuta ng'ombe sita ndani ya shamba. Walikuwa wamelalia ua wa miiba wakauvunja, na hawakuwa wakila chochote, kwani hapakuwa na cha kula. Walikuwa wameinamisha vichwa wakiulamba udongo. Nyuma yao alikuja mwanamke wa umri wangu, mrefu, mtoto mgongoni, shuka nyekundu begani, na fimbo ambayo hakuitumia. Alikuwa Ng'oto Naserian, mke wa mzee mwenye nyumba, lakini hadi siku hiyo tulikuwa tumesalimiana kwa mbali tu. Alisimama akawatazama ng'ombe wake, akanitazama mimi na karai langu la maji.

"Ng'ombe wanakushukuru," akasema. "Umewatengenezea chumvi."

Nilikaa chini pale pale nikalia. Hakunibembeleza. Aliwatoa ng'ombe, akarudi, akasimama kivulini akinyonyesha, akangoja nimalize. Kisha akaniuliza ninalilia nini, majani? Kwao majani ni ya ng'ombe. Nikamweleza habari ya Krismasi. Nilimweleza yote, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu na maneno yangu yasingefika kwa mama mkwe. Alisikiliza, akasema mume anayempima mke kwa majani ni mume wa ajabu, kisha akasema, "Kesho nitakuonyesha mahali iko na hiyo majani yenu mingi sana. Hakuna mtu anataka."

Mahali penyewe palikuwa mwendo wa nusu saa uwandani. Lilikuwa boma lililohamwa zamani. Nyumba zilikuwa zimekwisha kabisa, ua wa miiba ulikuwa umeoza ukabaki duara tu, lakini katikati, mahali ng'ombe walipokuwa wakilala miaka mingi, samadi ilikuwa imerundikana hadi ardhi ikainuka kama kitanda. Udongo ule ulikuwa laini, mweusi wa kahawa iliyosagwa. Na juu yake, kwa zile siku nane tu za mvua, managu yalikuwa yamesimama hadi magotini. Terere ilikuwa imetanda. Saga ilikuwa na maua meupe. Nilipiga magoti nikaanza kuchuma kwa mikono miwili kama mwizi.

Ng'oto Naserian hakuingia. Alibaki kwenye mgunga mmoja, mbali kidogo, amelipa boma mgongo. Nilimwita aje aone, akasema nichume tu, yeye atangoja. Ikawa hivyo kila mara. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba, tulienda pamoja mara mbili kwa wiki, na kila mara alifika kwenye mgunga ule akakaa, akanigeuzia mgongo. Nilidhani anaona haya kuonekana na mtu anayechuma majani. Siku moja mbuzi wake alikimbilia ndani, naye badala ya kumfuata aliniita mimi nimtoe. Nilimtania kwamba amekuwa mvivu. Akacheka, lakini hakuinuka.

Njiani alinifundisha vyake. Kulikuwa na vichaka vyenye matunda madogo meusi, ilamuriak, yanayoacha utomvu mweupe midomoni, na tuliyala huku tukitembea hadi meno yakawa ya zambarau. Alinionyesha mzizi wa kutia kwenye supu na gome la kutuliza tumbo. Mboga zangu hakuzigusa. Nilimpikia mara nyingi, managu yaliyolazwa kwa maziwa aliyonipa yeye mwenyewe, akawa anaonja maziwa na kuniachia majani. Hakuwahi kula mboga yangu hadi anakufa. Kwa upande wangu nilikosea mara moja, nikachuma jani lililofanana na saga ila si saga, na usiku kucha mimi na Zablon tulipishana mlangoni tukishika matumbo. Zablon alisema hilo shamba lako lina hasira.

Hapo ndipo uongo wangu ulipo. Zablon aliporudi siku ya kwanza akakuta managu, alikula, akafuta sufuria kwa ugali, akauliza, "Yametoka huko nyuma?" Nikasema ndiyo, yametoka huko nyuma. Uwanda nao uko nyuma ya nyumba, nilijiambia. Yeye alitoka kabla ya mapambazuko na kurudi giza likiingia, na Jumapili nilihakikisha amelala au ameenda kanisani. Alianza kubeba mboga kazini amezifunga kwenye gazeti, awape wenzake. Alikuwa akiwaambia mke wangu ameiweza Kitengela. Nilisikia haya kupitia bati lile lile, akijisifu kwa jirani, na nilifurahi. Nisiseme kwamba niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye. Wakati ule nilifurahi.

Mwezi wa nane boma likakauka. Nikaona kwamba haitoshi kuchuma, lazima nilihamishe lenyewe lije kwangu. Nikaanza kubeba udongo ule wa samadi kwa gunia, kidogo kidogo, peke yangu, siku ambazo Ng'oto Naserian alikuwa mbali na mifugo. Nilitaka kutengeneza tuta la kuinuka juu ya ule udongo mbaya, ili mizizi isifikie chumvi. Lakini udongo bila ukingo ulimomonyoka, kuku wa jirani wakautawanya. Nilihitaji mawe, na uwanda ule hauna mawe. Unaweza kutembea saa nzima usione la kumpigia mbwa.

Mawe yalikuwa pale pale bomani, upande wa mlango wa zamani. Rundo pana, la urefu wa goti, mawe ya kila aina, mengine ya duara, mengine mekundu ambayo si ya uwanda ule. Nyasi zilikuwa zimeota katikati yake. Nimeahidi kuandika ukweli, basi niandike: juu ya rundo niliona mara mbili kishungi cha majani mabichi, kimewekwa, hakikuanguka. Nilijua kimewekwa na mtu. Nilijiambia ni watoto wachungaji wanacheza. Sikumuuliza Ng'oto Naserian kwa sababu nilihofia angesema nisiyaguse. Nikayabeba, matatu matatu kwenye gunia, wiki mbili mfululizo.

Tuta lilikubali. Mvua fupi zilikuja mwezi wa kumi mwishoni, za wastani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa na mboga zangu mwenyewe nyuma ya nyumba yangu mwenyewe. Sukuma pana kama masikio ya tembo mdogo. Zablon alileta kiti chake nje Jumapili akakaa kulitazama. Hakusema kitu kuhusu Krismasi, na nilijua hatasema tena. Ng'oto Naserian alikuja mara moja akalitazama akiwa ng'ambo ya ua. Aliyatazama mawe kwa muda mrefu. Kisha akafunika kichwa kwa shuka akaondoka, na wiki nzima hakuja. Sasa najua alikuwa akiwaza afanyeje. Alikuwa ameyatambua, lakini hangeweza kuniambia. Mtu akifa, walivyolelewa wao, jina lake halitajwi tena. Na huyu aliyezikwa chini ya mawe yale alikuwa baba mkwe wake, ambaye alipokuwa hai hakuwahi kumtazama usoni wala kupita alipoketi, na kwake kufa hakukubadilisha heshima hiyo. Ndiyo maana ya mgunga ule. Alikuwa ameniongoza hadi kaburini kwa mkwe wake ili nile, akabaki amegeuza mgongo, akidhani nitaona mwenyewe.

Aliyeona ni Kokoo, mama mkwe wake, mjane wa aliyelala pale. Alikuja Jumapili moja ya Novemba kurudisha bakuli langu. Nilimsalimu kwa Kimaasai changu kibovu, nikainamisha kichwa, "Takwenya, Kokoo," akaitikia, "Iko," akanigusa utosi. Akaketi kwenye ukingo wa tuta apumzike. Mkono wake uliteremka ukashika jiwe moja jekundu, ukalipapasa, ukasimama. Alikuwa amelibeba yeye mwenyewe kutoka Kona Baridi, miaka mingi iliyopita, kuja kuliweka. Kila anayepita pale huongeza jiwe. Hakunipigia kelele. Aliinuka akaenda kumwita mwanawe.

Walikuja watatu, Mzee, Kokoo na Ng'oto Naserian nyuma yao. Zablon alikuwa ndani, akatoka na shati mkononi. Jirani naye alitoka. Mzee alizungumza Kiswahili ili mume wangu asikie. Aliuliza mawe haya yametoka wapi. Nilifungua mdomo. Nadhani ningesema. Nimejiuliza miaka hii yote na bado nadhani ningesema, lakini sina hakika, na sitapata hakika tena.

"Ni mimi," Ng'oto Naserian akasema.

Mzee aligeuka polepole. "Wewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nilimpa mimi. Yeye hakujua."

Kokoo alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeshika chuma cha moto. Kutoka kwa mgeni lingekuwa kosa la ujinga, la kulipa kondoo mmoja na kuomba msamaha. Kutoka kwa mke wa mwana lilikuwa jambo ambalo hata sijui kulitafsiri. Mzee akaniuliza mimi kama ni kweli. Nilimtazama Zablon. Uso wake ulikuwa na wasiwasi, lakini ulikuwa upande wangu. Nikatazama chini. Zablon akanijibia, akasema, "Huyu hajui mambo yenu, Mzee, tusamehe," nami nikamwacha anijibie.

Tuliyarudisha mawe mchana ule, mimi na Zablon, kwa mkokoteni wa jirani, Mzee akitembea mbele. Tuta liliporomoka. Kufika jioni mbuzi walikuwa wamemaliza kila jani. Jumatatu asubuhi Ng'oto Naserian aliondoka, amerudishwa kwa baba yake upande wa Kimana, mtoto mgongoni, na kifurushi. Hakuna aliyemsindikiza. Alipita mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nyuma ya leso nikimwangalia kwa tundu.

Krismasi ikaja, ikapita. Nilibaki Kitengela. Zablon aliniambia shamba limeharibiwa na mila za watu, si mimi, na kwamba nimethibitisha ninaweza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka mwaka mzima. Kila asubuhi nilimpelekea Kokoo mtungi wa maji na kuni, kwa kuwa nyumba yake ilibaki bila mke wa mwana. Alipokea, akaniitikia salamu, basi. Hakunikaribisha kuketi. Nilienda hivyo wiki saba. Wakati mwingine nadhani nilikuwa nikijaribu kulipia kwa maji. Watu hufanya hivyo, hubeba kitu kizito kila siku ili wasibebe kile kinachotakiwa.

Katikati ya Januari nilitua mtungi nikamwambia. Nilisema mawe nimeyachukua mimi, wiki mbili, kwa gunia, na mke wa mwanawe hakujua. Kokoo aliendelea kuchochea moto. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alikitoa kwa zamu, neno baada ya neno.

"Huyu msichana, tangu kuolewa, hajapita pale. Mbuzi ikiingia, anaita mtu. Sasa atabeba mawe?" Akanitazama. "Tunajua. Siku ile ile. Tulikuwa tunangoja wewe."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia tutatoa kondoo, tutatoa chochote. Akasema hataki kondoo wangu, anataka mke wake arudi bila neno juu yake, na kwamba kwa hilo ni lazima nimwambie mume wangu mwenyewe, kwa kuwa uongo ule ulisemwa mbele yake. Kesho yake alipanda gari kwenda Kimana. Mimi nilimwambia Zablon siku hiyo hiyo, wakati akila. Nilianza na mawe, halafu yakafuata mengine yote, boma, managu, mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Mawe hakuyajali. Aliweka tonge kwenye sahani.

"Kwa hiyo ile mboga yote ilikuwa ya kuokota?"

Nikasema ndiyo.

"Niliwapa watu kazini," akasema. Alirudia hivyo mara mbili, kama mtu anayehesabu nyuso. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema Jumamosi nitaenda nyumbani, kwa mama. Upande wa pili wa bati jirani alizima redio yake, ili tusikie kwamba amesikia.

Nilikaa kwa mama mkwe mwaka mmoja na miezi saba kabla Zablon hajaniita tena. Niliporudi, urafiki wangu na Ng'oto Naserian uliendelea, tukazaa, tukalea, tukafiwa, tukazeeka, na habari ya mawe haikutajwa kati yetu hata siku moja. Ndiyo maana niliketi pale hemani. Lakini hayo ni ya miaka mingine, na mimi naandika mwaka ule.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya kuondoka, nilikuwa nikifungasha. Nguo zilikuwa kwenye gunia, sufuria moja ilikuwa yangu na moja ya Zablon. Nilikuwa nikihangaika na godoro, kulikunja na kulifunga peke yangu, na kila nikilikunja linafunguka. Mlango ukatiwa giza. Alikuwa Ng'oto Naserian, amekonda, vumbi la safari bado miguuni, mtoto amelala mgongoni. Nikamsalimu, akaitikia. Alitazama chumba, gunia, leso iliyoshushwa kutoka kwenye kamba. Nilidhani atanishukuru. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani.

"Mzee ameniambia," akasema. "Kwa nini hukunyamaza?"

Niliachilia godoro, likafunguka.

"Miezi miwili nimekaa kwa baba yangu. Wake za ndugu zangu wananicheka, wananipa chakula mwisho, baada ya watoto. Nilikaa ili wewe usiende." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nimeshazoea. Mwezi mmoja tena angenichukua tu. Sasa unaenda. Nilikaa huko ya nini?"

Nilisema nisingeweza kuendelea kumtazama Kokoo. Akasema Kokoo ni mzee, ana wengi wa kumtazama. Mtoto aliamka akalia kidogo, akambembeleza kwa kutikisa bega, akalala tena. Nilirudi kwenye godoro kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kazi, nikalikunja, likafunguka. Akavuta hewa kwa hasira. Akanipokonya kamba, akanisukuma kando kwa kiwiko, akalikunja godoro mwenyewe, akaliwekea goti, akazungusha kamba mara tatu, akavuta fundo kwa meno.

"Shika hapa," akasema. Nikashika.